Volteji ya utando wa seli kwa kipande cha utumbo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa walimu wa fiziolojia na famakolojia wanaofundisha miaka ya mwanzo ya udaktari, uuguzi, famasia na sayansi ya viumbe, hasa wale ambao maabara yao haina kifaa cha kupimia umeme wa seli. Kazi yote inafanywa na kipande cha utumbo kinachoning'inia kwenye maji ya chumvi yenye joto. Sharti ni moja: hakuna tone linaloingia kwenye chombo kabla mwanafunzi hajaandika daftarini anatarajia nini, na kwa sababu gani.

Kwa nini msuli laini, ilhali vitabu vinaanza na neva ya ngisi?

Neva nene ya ngisi ndiyo iliyowapa wanafiziolojia Hodgkin na Huxley majibu yao kuhusu umeme wa neva na Tuzo ya Nobel ya mwaka 1963, na hakuna anayebisha. Lakini ili uone chochote kwenye neva unahitaji elektrodi, kikuzaishara cha umeme na mkono uliozoea. Msuli laini unakuonyesha kwa macho. Volteji ya utando, yaani tofauti ya umeme kati ya ndani na nje ya seli, kwa kawaida ni hasi upande wa ndani. Ikipungua uhasi, chaneli za kalsiamu (vijitundu vya utando vinavyopitisha kalsiamu) zinafunguka, kalsiamu inaingia kutoka nje, msuli unajikaza, uzi unavutwa.

Kuna sababu nyingine ambayo kwangu ni kubwa zaidi. Kila seli ya msuli wa mguu wa chura hujibu kwa mshtuko: ama imeruka au haikuruka. Msuli laini unapanda na kushuka kwa viwango, kwa hiyo mabadiliko madogo ya volteji yanaonekana kama mabadiliko madogo ya mkazo. Pia unategemea sana kalsiamu ya nje ya seli, na hiyo unaiongeza au kuiondoa wewe mwenyewe kwa bomba la sindano.

Mwanafunzi anaona nini hasa, kama volteji yenyewe haionekani?

Anaona mkazo. Dalili ya mvua ni mawingu, na hapa mkazo ndiyo mawingu yetu: ni ishara nzuri, lakini mwambie mapema kwamba ni ishara tu. Aliyeunganisha vitu hivi viwili kwa vipimo ni Edith Bülbring wa Oxford. Mwaka 1955 alichapisha kazi iliyorekodi volteji na mkazo kwa pamoja kwenye tenia koli, ule ukanda wa msuli wa utumbo mpana wa simbilisi. Volteji ilipopungua uhasi, midundo ya umeme iliongezeka na mkazo ukapanda. Adrenalini iliongeza uhasi, midundo ikakoma, msuli ukalegea. Mchoro wa aina hiyo uweke mbele ya darasa kabla ya kazi, kisha wanafunzi wajue kwamba leo wao wanarekodi nusu yake ya chini tu, yaani mkazo.

Ni vifaa gani vinahitajika?

Chombo cha kioo cha mililita 20 hivi, ndani ya beseni la maji ya nyuzijoto 37. Uzi, sindano ya kushonea, mkasi mdogo, vibanio, mabomba ya sindano ya mililita 1, na pampu ndogo ya kupulizia hewa, ile ya matangi ya samaki. Kwa kurekodi, kipimamvuto kilichounganishwa na kompyuta ni kizuri. Zamani ilikuwa kaimografu, pipa lililopakwa masizi ambalo Carl Ludwig alilibuni miaka ya 1840, na kuna maabara ambazo bado zinalo kabatini.

Kama huna chochote kati ya hivyo, tumia mrija mwepesi wa soda kama wenzo. Toboa kwa pini karibu na ncha moja, funga uzi wa msuli upande mfupi, weka tone la udongo wa mfinyanzi kama uzito, kisha nyuma ya ncha ndefu bandika karatasi ya grafu. Simu iliyosimamishwa mbele yake inarekodi kila kitu. Upande mrefu ukiwa mara 6 ya upande mfupi, msuli ukifupika milimita 1 ncha inatembea milimita 6. Nimeona grafu zilizochorwa kutoka video za simu zikiwa safi kuliko za mashine ambayo hakuna aliyejisumbua kuirekebisha.

Maji ya chumvi yanatengenezwaje?

Tunatumia myeyusho wa Tyrode. Kwa lita 1: kloridi ya sodiamu gramu 8.0, kloridi ya potasiamu gramu 0.2, kloridi ya kalsiamu isiyo na maji gramu 0.2, kloridi ya magnesiamu isiyo na maji gramu 0.1, bikaboneti ya sodiamu gramu 1.0, fosfeti ya sodiamu (NaH2PO4) gramu 0.05, na glukosi gramu 1.0. Hapo potasiamu ni takriban milimola 2.7 kwa lita na kalsiamu 1.8.

Kalsiamu iyeyushe kando na uimimine mwisho, polepole, huku unakoroga. Ukiitupa pamoja na bikaboneti, maji yanakuwa meupe kama ya chokaa na kazi imeishia hapo. Glukosi iongezwe siku hiyohiyo, maana bakteria nao wanaipenda. Faida ya Tyrode ni kwamba hewa ya kawaida ya pampu inatosha. Myeyusho wa Krebs una bikaboneti maradufu na unadai mtungi wa oksijeni yenye asilimia 5 ya kaboni dioksidi.

Maji yawe yaliyotoneshwa. Maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta yanafaa, ila soma lebo mara mbili: dukani hapohapo inauzwa asidi ya betri, katika chupa inayofanana.

Utumbo unatoka wapi, na unaandaliwaje?

Machinjioni au kwa muuza kuku. Nenda na chupa ya Tyrode iliyopozwa kwenye barafu, mpate mchinjaji mapema, umweleze unataka kipande cha utumbo mwembamba mara tu mnyama anapofunguliwa, kabla haujakamuliwa wala kuoshwa kwa maji ya bomba. Mchinjaji akiusugua kama wa supu, umekufa. Suuza ndani taratibu kwa bomba la sindano, ondoa mafuta na utando unaoushikilia, uache kwenye baridi hadi ufike maabara.

Utumbo wa kuku unatumika kama ulivyo, bomba la sentimita 2 hadi 3. Wa mbuzi ni mpana, kwa hiyo kata ukanda wa urefu wa sentimita 2 na upana wa milimita 4, ukifuata urefu wa utumbo. Funga uzi kila ncha. Kwenye bomba zima, uzi upite ukuta mmoja tu bila kuziba tundu. Vuta kwa uzito wa gramu 1 hivi, uache dakika 45, ukibadilisha maji kila baada ya dakika 15. Kipande chenye afya huanza kucheza chenyewe: mawimbi yanayopanda na kushuka bila mtu kuyachochea. Chanzo chake ni mawimbi ya polepole ya umeme yanayoanzishwa na seli za Cajal zilizo kati ya matabaka ya msuli. Usiharakishe hatua hii. Mwache mwanafunzi ahesabu mawimbi kwa dakika, kwa sababu tayari anatazama volteji inayopanda na kushuka.

Jaribio la potasiamu linafanywaje?

Hili ndilo jaribio lenyewe, na kama una saa mbili tu, fanya hili na la kalsiamu, mengine yaache.

Andaa kloridi ya potasiamu ya mola 3, yaani gramu 22.4 katika mililita 100. Andaa pia kloridi ya sodiamu ya mola 3, gramu 17.5 katika mililita 100. Kisha uwape wanafunzi mlinganyo wa Nernst, unaotabiri volteji ya utando unaopitisha potasiamu tu, kwa nyuzijoto 37: milivolti 61.5 mara logi ya potasiamu ya nje kugawanya kwa ya ndani. Ndani chukua milimola 140. Wakokotoe kwa potasiamu ya nje ya 2.7, 10, 20, 40 na 60. Watapata takriban −105, −70, −52, −33 na −23. Sasa waulize: chaneli za kalsiamu za aina ya L zinaanza kufunguka kwa wingi karibu na −40, je, msuli utajikaza kwa kipimo kipi? Waandike. Wasaini, ukitaka.

Anza na sodiamu: mililita 0.4 kwenye chombo cha mililita 20. Kwa kawaida hakuna mkazo wa maana, pengine msuli unalegea kidogo kwa sababu maji yamekuwa na chumvi nyingi. Osha mara tatu, subiri dakika 10. Kisha potasiamu, mililita 0.4 ileile, ambayo inapandisha potasiamu ya chombo hadi kama milimola 60. Kwa sekunde chache hakuna kitu. Halafu ncha ya wenzo inapanda kwa mkupuo, inafika kilele, inashuka kidogo na kutulia juu ya pale ilipoanzia, na yale mawimbi ya kawaida yanafifia. Kuwapo kwa kilele na tambarare ni swali zuri la majadiliano: sehemu ya chaneli za kalsiamu hujifunga zenyewe uhasi wa volteji unapobaki mdogo.

Baada ya hapo rudia kwa vipimo vidogo, ukiosha kila mara: mililita 0.05, 0.12, 0.25. Wanafunzi wenyewe wachore mkazo dhidi ya volteji waliyokokotoa. Mstari hautakuwa mnyoofu. Unalala, kisha unasimama ghafla, na darasa linagundua kizingiti bila kuambiwa neno hilo.

Nernst inasema −105 lakini kitabu kinasema msuli laini uko −50 hadi −60. Nani anadanganya?

Hakuna. Nernst inahesabu utando unaopitisha potasiamu peke yake. Utando halisi unavuja sodiamu kidogo, na kloridi nayo ina sehemu yake, kwa hiyo volteji inakaa mahali pa maelewano. Goldman mwaka 1943, kisha Hodgkin na Katz mwaka 1949, waliandika mlinganyo unaozijumlisha zote. Msuli wa mifupa unakaa karibu na −90 kwa sababu unapendelea potasiamu kwa nguvu zaidi.

Lipeleke mbele swali hili, usilikwepe. Potasiamu ya nje ikipanda, makadirio ya Nernst na hali halisi yanakaribiana, kwa kuwa mchango wa potasiamu unazidi kutawala. Mwanafunzi anayeuliza swali hili ameshaelewa nusu ya mada.

Tutajuaje kwamba ni kalsiamu ya nje?

Iondoe. Tengeneza Tyrode bila kloridi ya kalsiamu, osha kipande mara kadhaa kwa dakika 15. Mawimbi yanakufa. Weka potasiamu ya milimola 60: uhasi wa volteji umepungua kama awali, lakini wenzo hausogei. Sasa, bila kuosha, ongeza kalsiamu kidogokidogo. Mkazo unapanda ngazi kwa ngazi. Hapa ndipo darasa huelewa kwamba volteji inafungua mlango tu, anayeingia ni mwingine.

Simulia kisa cha Sydney Ringer wakati mnasubiri. London, miaka ya mwanzo ya 1880, moyo wa chura uliendelea kupiga vizuri kwenye maji yake ya chumvi, mpaka alipotambua kwamba yalitengenezwa kwa maji ya bomba. Kwa maji yaliyotoneshwa moyo ulidhoofika na kusimama. Kilichokuwa kwenye maji ya bomba ni kalsiamu. Ndiyo maana tunasisitiza maji ya betri: bomba likikuletea kalsiamu, jaribio lako la «bila kalsiamu» ni jina tu.

Ukiwa na nifedipini, iongeze kwenye kipande kilichokazwa na potasiamu. Kinalegea, maana dawa hiyo inaziba chaneli za aina ya L. Inaharibiwa na mwanga, kwa hiyo ifunike kwa karatasi ya foili na uiyeyushe kwa ethanoli siku hiyohiyo.

Potasiamu haiamshi na neva zilizo ndani ya utumbo?

Inaamsha. Kipande chako kina mtandao mzima wa neva, na neva zikiamka zinamwaga asetilikolini, kemikali inayokaza msuli. Mwanafunzi mkali anaweza kukuambia umepima neva, na atakuwa na haki. Dawa yake ni atropini, inayoizuia asetilikolini kwenye msuli: ichanganye mara 10 kutoka ampuli ya miligramu 1 kwa mililita, weka mililita 0.1, subiri dakika 5, rudia potasiamu. Sehemu kubwa ya mkazo hubaki, na hiyo ni ya msuli wenyewe.

Wanaotoka pwani wataipenda hii: sumu ya samaki aitwaye bunju huziba chaneli za sodiamu za neva, lakini midundo ya umeme ya msuli laini wa utumbo inabebwa na kalsiamu, kwa hiyo sumu hiyo haiizimi. Liwe swali la mdomo tu. Bunju asiletwe maabara.

Asetilikolini inafanya kazi kupitia volteji?

Kwa sehemu, na hapa mwalimu awe mkweli hata kama somo linachafuka. Asetilikolini hupunguza uhasi na kuongeza midundo, kama Bülbring alivyoonyesha. Lakini mwaka 1958 Evans, Schild na Thesleff walionyesha kwamba msuli laini ambao uhasi wa volteji yake umeshapunguzwa kwa potasiamu nyingi bado unajibu dawa. Kipokezi kinaweza kuachia kalsiamu kutoka ghala la ndani ya seli bila kuigusa volteji.

Unaweza kulionyesha. Kaza kipande kwa potasiamu, subiri tambarare, kisha ongeza asetilikolini. Wenzo unapanda tena. Kama huna asetilikolini, matone ya macho ya pilokapini ya asilimia 2 yanatosha: changanya mara 100, weka mililita 0.25, utapata kama maikromola 10. (Jaribio hili lije baada ya atropini kuoshwa kwa muda mrefu, au utumie kipande kipya. Atropini haitoki upesi.)

Kuna njia ya kuonyesha upande wa pili, yaani uhasi kuongezeka?

Adrenalini ndiyo rahisi. Ampuli ya miligramu 1 kwa mililita, ichanganye mara 100, weka mililita 0.4: ni kama maikromola 1. Mawimbi yanakatika na msuli unashuka chini ya mstari wa kuanzia.

Lakini jaribio zuri kuliko yote katika mada hii ni la dawa inayofungua chaneli za potasiamu, kama kromakalimu, kwa wenye uwezo wa kuagiza kemikali. Kaza msuli kwa potasiamu ya milimola 25, weka dawa: unalegea. Osha, kaza kwa milimola 80, weka dawa ileile kwa kipimo kilekile: haulegei. Mpe mwanafunzi Nernst tena. Kwa 25 potasiamu inavuta volteji kuelekea −46, na kufungua chaneli kunaipeleka huko. Kwa 80 inavuta kuelekea −15 tu, hata ukifungua milango yote. Dawa haijashindwa, ila hapana pa kwenda.

Na pampu ya sodiamu na potasiamu?

Ni protini ya utando wa seli; Jens Skou aliieleza mwaka 1957 na akapata Nobel mwaka 1997. Inatoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2, kwa hiyo yenyewe inaongeza uhasi kidogo, ila kazi yake kubwa ni kutunza tofauti za ioni ambazo mengine yote yanazitegemea. Kinachoizima ni ouabaini, na Afrika Mashariki tuna historia nayo: inapatikana kwenye miti ya Akokanthera ambayo wawindaji, Wakamba na Wawaata miongoni mwao, waliichemsha kupata sumu ya mishale. Mtu asiende kukata mti huo kwa ajili ya kipindi chako.

Njia salama ni kuinyima pampu potasiamu ya nje. Tyrode isiyo na potasiamu huisimamisha, sodiamu inalimbikizana ndani. Ukirudisha potasiamu pampu inakimbia na msuli unalegea kwa muda. Inaonekana vizuri kwenye mishipa ya damu na tenia koli. Kwenye utumbo wa kuku sikuahidi.

Naweza kutumia mji wa mimba badala ya utumbo?

Unaweza, wa panya hasa, lakini homoni za mnyama zinabadilisha majibu na utatumia muda mwingi kuzieleza. Kama darasa lina wakunga, inafaa. Wasimulie pia kuhusu Kongo, ambako miaka ya 1960 daktari Lorents Gran wa Norwei aliona kina mama wakinywa chai ya mmea uitwao kalata-kalata ili kuharakisha uchungu; kutoka humo ilipatikana protini ndogo ya kalata B1, inayokaza mji wa mimba.

Msuli haujibu kabisa. Tatizo nini?

Angalia joto kwanza. Chini ya nyuzijoto 30 wengi hudhani kipande kimekufa, kumbe kina baridi. Pili, hewa: mapovu madogo yapite, yasigonge uzi. Tatu, uzito: mvuto ukizidi, wenzo hauinuki. Nne, je, kalsiamu iliwekwa? Kama maji yana ukungu, haimo ndani ya maji, iko chini ya chombo. Ukimaliza orodha hiyo na bado kimya, kata kipande kingine.

Swali gani la mtihani linapima kama wameelewa?

Usiwaulize Nernst ni nini. Wape grafu isiyo na maelezo: mkazo unapanda, unatulia, unapanda tena, kisha unashuka nusu. Waambie vitu vitatu viliongezwa na vilikuwa potasiamu, asetilikolini na nifedipini. Wapange na watetee. Atakayeeleza kwa nini nifedipini haikushusha mkazo wote, mpe alama zote.

Kibali na mabaki?

Mnyama aliyechinjwa kwa chakula hakuuawa kwa ajili ya somo, na hilo hurahisisha mambo, lakini kamati ya maadili ya chuo ijulishwe kwa barua. Utumbo uliobaki uchomwe au uzikwe na taka za maabara. Hauliwi, hata ule ambao haukuguswa na dawa, na msaidizi wa maabara aambiwe hivyo kabla ya kipindi kuanza.